Jumamosi Watasema Alipokula Nzige

Wiki iliyopita mjukuu wangu alirudi kutoka Bukoba akaniletea senene, wale panzi wa huko wanaoliwa. Walikuwa wamekaangwa vizuri, wamefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Akawamimina kwenye sahani, akaniwekea mbele yangu, akakaa kunitazama kama mtu anayemwonjesha mtoto asali. Nilimshukuru. Nikamwambia wananukia, na kweli walinukia. Lakini mkono wangu haukwenda. Alidhani ni habari ya meno, akasema, "Bibi, hawa ni laini, hawakusumbui." Nikamwambia siyo meno. Nikamwambia avute kiti nimweleze kwa nini sijala mdudu wa namna ile tangu nikiwa na miaka tisa hivi. Nilipomaliza, chai ilikuwa imepoa na yeye alikuwa anapangusa macho, ingawa mpaka leo anakataa kwamba alilia. Sasa acha nikueleze na wewe, maana wewe na mimi ni watu wa kusikilizana.

Tulikuwa tunakaa Kinyangiri, upande ule wenye mawe makubwa yaliyolaliana kama ng'ombe waliopumzika. Mwingereza ndiye aliyekuwa mwenye nchi siku hizo, ila kwetu Mwingereza mwenyewe tulimwona mara chache, akipita ndani ya gari, vumbi likimfuata. Baba alikuwa amekwenda kukata mkonge huko Tanga. Mama alimfuata akiwa amembeba mdogo wangu mgongoni, nami nikaachwa kwa bibi, mama yake baba, ili nisome na ili bibi asibaki peke yake.

Nyumba yake ilikuwa tembe, ile ya paa bapa la miti na udongo, ambayo ukipanda juu yake unaanika mtama na kuona moshi wa kila jirani. Ndani kulikuwa na giza zuri la ubaridi, na harufu ya mbuzi, majivu na unga wa uwele. Asubuhi niliamshwa na sauti ya jiwe la kusagia. Bibi alisaga amepiga magoti, akivuma wimbo wa kanisani puani, na kila alipofika mwisho wa ubeti alisukuma jiwe kwa nguvu zaidi, hata leo nikiusikia wimbo ule nasikia na unga ukidondoka.

Na palikuwa na Watasema.

Watasema alikuwa mbwa wa rangi ya majivu, kifua cheupe, sikio moja limechanika. Jina lake lina habari yake. Babu alipofariki, ndugu zake walikuja kumwambia bibi kwamba desturi ni desturi, achague mmoja wao amrithi. Bibi alikuwa ameshabatizwa, na hata asingebatizwa nadhani angekataa. Aliwaambia atakaa na mwanawe na mbuzi wake. Basi yakaanza maneno, kila penye mtungi wa pombe na kila penye kisima, bibi alikuwa ndiye habari. Hakujibizana na mtu. Alikwenda kuomba mtoto wa mbwa huko ng'ambo ya mto, akamleta amemfunga kwenye kanga, akampa jina la Watasema. Kila jioni akasimama juu ya tembe akamwita kwa sauti yake yote: "Watasema! Watasema! Njoo nyumbani!" Na nyumba za mashemeji zilikuwa upande ule ule upepo ulikoelekea.

Mimi nilimkuta akiwa mbwa mzima. Alinipokea kama vile ni yeye aliyeagizwa kunitunza. Nikienda shule alinisindikiza, akalala nje ya darasa mpaka tutoke, na mwalimu alishachoka kumfukuza. Usiku alilala amekingama mlangoni, ukitaka kutoka nje ni lazima umruke. Nilipowakumbuka mama na mdogo wangu, niliweka uso wangu kwenye shingo yake, palikonuka vumbi na jua, nikalia bila mtu kuniuliza. Alikuwa na kosa moja tu, aliiba mayai. Jirani yetu, mama mwenye watoto wanne, ambaye mumewe alikuwa askari amepelekwa vitani katika nchi ambayo hakuna kati yetu aliyejua kuitamka, alimchukia kwa sababu ya mayai hayo. Alikuwa na rundo la mawe kando ya mlango wake, na kila jiwe lilikuwa la Watasema.

Mwaka ninaousimulia ulikuwa mwaka wa nzige. Kwanza walikuja wenye mabawa, jua likawa jekundu mchana, matawi ya miti yakavunjika kwa uzito wao. Tulipiga madebe mpaka masikio yakaziba. Walipoondoka, uwele ulikuwa umebaki vijiti. Halafu mayai waliyoyaacha ardhini yakaangua, wakatoka tunutu, nzige wachanga wasio na mabawa, wakawa wanatambaa bondeni kama maji meusi. Watu waliokuwa wamepoteza chakula wakala kilichokula chakula chao. Nzige tuliwakusanya, tukawatoa miguu, tukawakaanga kwenye gae la chungu kwa chumvi, na ugali wa mtama uliobaki ukashuka bila tatizo. Sitakudanganya, walikuwa watamu.

Kisha serikali ikaleta sumu. Ilikuwa ni pumba zilizochanganywa na dawa, wakazimwaga bondeni ili tunutu wazile wafe. Jumbe akaita watu barazani, akasema mahali palipomwagwa pumba pamewekwa vijiti vyenye vitambaa vyekundu, mtu asikusanye nzige huko, asilishe mbuzi huko, asichume hata mboga. Bibi aliporudi alinirudia maneno yale mara mbili, ya kwanza kwa Kiswahili kama alivyosema jumbe, ya pili kwa Kinyiramba, lugha yetu, ili yaingie vizuri. Kwa bibi, jambo la kawaida lilisemwa mara moja tu. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Jumamosi ile bibi alikwenda na kina mama wenzake kusiriba ukuta wa kanisa. Aliniachia kazi tatu, kusaga uwele, kuteka maji, na kutafuta mboga. Mboga iliyokuwepo ilikuwa mlenda mkavu, na tulikuwa tumekula mlenda siku nyingi hata nikiufikiria tu koo linateleza. Nikachukua kikapu, nikamwita Watasema, tukashuka bondeni kutafuta nzige.

Upande wa juu, ambako tulizoea, hawakuwepo tena. Nikateremka. Huko chini niliwakuta wengi, na nilishangaa jinsi walivyokuwa wapole. Walikuwa wamezubaa kwenye nyasi, hawaruki, unawaokota kama unavyookota choroko zilizomwagika. Niliona kijiti kimoja kimeanguka kwa upepo, na kitambaa chake kimelala chini, kimefunikwa nusu na vumbi. Nilikiona. Nakwambia wewe nilichojiambia hapo, ambacho kwa miaka mingi sikumwambia mtu. Nilikitazama, nikajiambia kwamba kijiti kilichoanguka siyo kijiti kilichosimama, na jumbe alisema vilivyosimama. Hakusema hivyo. Nikajaza kikapu.

Njiani jirani aliniona. Alikuwa amekaa nje anapepeta mtama kidogo uliobaki, mtoto mdogo akimng'ang'ania mgongoni.

"Umebarikiwa leo," alisema. "Wote hao umewapata wapi?"

"Bondeni tu, mama."

"Bondeni wapi?"

"Upande wa juu," nikasema.

Nilimpimia bakuli zima. Bibi alinifundisha usipite kwa jirani na kikapu kilichojaa kana kwamba hukumwona. Alinishukuru, akasema atawakaanga jioni watoto wakirudi kutoka kuokota kuni. Nikaenda zangu nikijisikia mtu mkubwa.

Nyumbani nikakiweka kikapu chini, kivulini, nikachukua mtungi kwenda kuteka maji. Visima vyetu vilikuwa mashimo yaliyochimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu, unakaa unasubiri maji yachuruzike, unachota kwa kibuyu kidogo kidogo. Nilichelewa. Niliporudi kikapu kilikuwa kimepinduliwa na Watasema amesimama juu yake, analamba midomo. Nusu nzima alikuwa amekula. Nilishikwa na hasira. Nilichukua mwiko nikampiga nao mgongoni mara tatu, nikamwita mwizi. Hakukimbia. Alilala tu chini, mkia ukipigapiga vumbi, akinitazama kwa chini kama anayeomba radhi.

Nikakaa kusaga. Sikuwa nimesaga hata kibaba nikasikia sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, kama mtu anayejaribu kukohoa maji. Nikatoka. Watasema alikuwa amesimama amepanua miguu, tumbo linajikunja, povu linadondoka. Akatapika. Akajaribu kunifuata, miguu ya nyuma ikamwacha, akaketi, akatapika tena, na safari hii palikuwa na damu. Alikuwa anatetemeka mwili mzima kama mbuzi aliyenyeshewa.

Mtoto wa miaka tisa anaweza kuelewa jambo zima kwa mara moja. Nilielewa kijiti, kitambaa, upole wa wale nzige. Nilielewa bakuli la jirani. Na hapo hapo nikaanza kukimbia.

Nilikuwa nakwenda kwa bwana mifugo. Alikaa mnadani, mwendo wa kama nusu saa, katika nyumba ya serikali karibu na josho la ng'ombe. Kila mtu alimwogopa. Alikuwa mtu wa kuja, kutoka Tabora, mrefu, kaptula ya kaki iliyonyooka, daftari kwapani. Akija kwenu ni kuhesabu ng'ombe au kuwachoma sindano, na wazee walisema anayaona hata mazizi yaliyofichwa porini. Lakini dawa ya wanyama niliyoijua mimi ilikuwa kwake.

Njia ya mnadani ilipita mlangoni kwa jirani. Nakueleza nilichofanya. Nilipita. Niliona moshi unatoka jikoni kwake na nikapita mbio, kichwa nimekiinamisha, kwa sababu nikisimama itabidi niseme upande wa juu ulikuwa uongo. Nilijiambia amesema jioni. Nilijiambia nitamwambia nikirudi. Nilifika mpaka kwenye jiwe kubwa lililopasuka, ambako njia inakunja, na hapo harufu ikanifikia. Alikuwa ameshaanza kukaanga.

Nikarudi. Sijui kama nimewahi kukimbia tena namna ile maishani mwangu. Watoto walikuwa wamesharudi na kuni, naye nilimkuta amechuchumaa mbele ya gae, nzige wamekuwa wekundu, wanatatarika kwenye chumvi, na mtoto wake wa pili ameshika mmoja kwa vidole, anampulizia apoe. Nilimpiga yule mtoto mkono, nzige akaanguka. Halafu nikalipiga gae kwa mguu, likapasuka, makaa yakatawanyika.

Jirani aliinuka akanikamata sikio. "Una wazimu? Chakula cha watoto wangu!"

"Wana sumu," nikasema. "Niliwaokota kwenye vitambaa. Watasema amekula, anakufa. Nilikudanganya, mama. Nilikudanganya."

Aliniachia sikio. Alimtazama mtoto wake, akampanua mdomo, akaingiza kidole, akamkagua meno na ulimi. "Umekula? Sema kweli. Umekula?" Mtoto akatikisa kichwa, akaanza kulia kwa hofu. Jirani aliwahesabu watoto wote wanne kwa kuwagusa kichwani, mmoja mmoja, kama mtu asiyeamini macho yake. Kisha akanigeukia. Nilifumba macho nikisubiri kofi.

"Mbwa yuko wapi?" akauliza.

"Nyumbani. Bibi hayupo. Nakwenda kwa bwana mifugo."

"Basi nenda. Mimi nitakwenda kukaa naye. Nenda, usisimame hapo unanitazama!"

Nilipofika mnadani ofisi ilikuwa imefungwa, kufuli kubwa mlangoni. Jumamosi kazi za serikali zilikwisha saa sita mchana, na sasa ilikuwa inakwenda saa kumi. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Nilidhani nitamkuta yule mtu wa kaki. Nikamkuta mtu amevaa kanzu nyeupe na kofia, amekaa juu ya kigoda, anamalizia kutawadha, maji yanamdondoka kwenye nyayo. Sikujua kwamba bwana mifugo ana nyayo.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Mtoto wa nani wewe? Mbona unahema hivyo?"

Nikamwambia bibi yangu ni nani. Nikamwambia mbwa wetu anakufa.

"Mwanangu, leo Jumamosi," alisema, siyo kwa ukali. "Kazi imefungwa. Na mimi ni mtu wa ng'ombe. Mbwa sina dawa yake."

"Ni mimi niliyemuua," nikasema, na hapo nikaangua kilio. Nilimwambia yote, hata mwiko.

Alisimama ghafla. "Nzige wa sumu? Nani mwingine amekula?"

"Hakuna. Wa jirani nimewamwaga. Alikuwa amewakaanga lakini nimewamwaga."

"Una hakika?"

"Aliwahesabu watoto."

Akashusha pumzi. Akanieleza kwamba sanduku la dawa limefungwa ofisini, na ufunguo anao mkubwa wake, na mkubwa wake amekwenda bomani mpaka Jumatatu. Alisema hayo akitazama mkeka wake uliokuwa umeshatandikwa, kisha akanitazama mimi, kisha mkeka. Mimi wakati ule sikujua uzito wa alichokuwa anakipima. Sisi tulikuwa watu wa kanisani, sikujua kwamba kwa Mwislamu kama yeye mate ya mbwa ni najisi, na kwamba alikuwa ndiyo kwanza amejitakasa.

"Alasiri bado ina nafasi," akasema, kama anayezungumza na mtu mwingine. Akakunja mkeka. Akaingia ndani, akatoka na chupa ya shingo ndefu, ile aliyonyweshea ndama, na chumvi imefungwa kwenye kitambaa. Akatoa baiskeli. "Panda nyuma. Shika kanzu, usishike mgongo, utaniangusha."

Tulimkuta Watasema amelala ubavu, na jirani amekaa chini kwenye vumbi, kichwa cha mbwa kimelala mapajani mwake. Yule yule mama wa mawe. Alikuwa anampepea inzi kwa ncha ya kanga.

"Bado anapumua," alisema. "Bwana mifugo, shikamoo. Bado anapumua."

Sitasahau mikono ya yule mtu. Alikunja mikono ya kanzu mpaka kwenye viwiko, akapiga magoti, akamgusa Watasema tumboni polepole, akazungumza naye Kinyamwezi, maneno ya upole ambayo sikuyaelewa, na Watasema, ambaye hakuwahi kumruhusu mgeni amguse, akamtazama tu. Akachanganya chumvi na maji, akavuta shavu la mbwa pembeni kama mfuko, akamimina kidogo kidogo. "Usimimine katikati, atapaliwa," aliniambia. "Pembeni. Unaona? Shika kichwa, kiinue kidogo." Watasema akatapika. Akamnywesha tena, akatapika tena, nzige na povu, vyote vikamwagikia ile kanzu nyeupe. Hakusogea.

"Sasa nataka mayai," alisema. "Ute wake, siyo kiini. Na maziwa kama yapo. Vinashika sumu tumboni."

Maziwa ya mbuzi yalikuwepo kidogo kwenye kibuyu. Mayai hatukuwa nayo, kuku wetu tulishawala. Nikamtazama jirani. Jirani akamtazama Watasema. Halafu, rafiki yangu, yule mama akacheka, kicheko kifupi, machozi yakimlenga. "Umekula ya wizi miaka yote," alimwambia mbwa, "leo utakula ya halali." Akaenda akarudi na mayai sita ndani ya kanga, yote aliyokuwa nayo. Tukapasua, tukachanganya, bwana mifugo akanywesha. Tukamfunika kwa gunia. Kisha hapakuwa na cha kufanya ila kukaa.

Bibi alitukuta hivyo. Alitokea jua likianza kuelekea kwenye mawe, mikono yake imekauka udongo wa ukuta wa kanisa, akamwona mwanamume wa kanzu amekaa vumbini uani kwake, na jirani, na mimi. Akasimama mbali kidogo. Hakuuliza. Bibi alikuwa na namna ya kunyamaza ambayo ilikuvuta maneno mdomoni. Nikamwambia, nimesimama wima mikono nyuma, kama darasani. Nikamwambia kijiti. Nikamwambia uongo wa upande wa juu. Nikamwambia kwamba nilipita mlangoni kwa jirani nikiwa najua.

Hapo jirani aliinua uso. Hilo la kupita alikuwa hajalijua.

"Ulipita," bibi akasema.

"Nilipita, bibi. Mpaka kwenye jiwe lililopasuka."

"Halafu?"

"Nikarudi."

Bibi alinisogelea. Kisha akanisemesha kwa Kinyiramba, taratibu, na kwa mara moja tu. Nikikugeuzia kwa Kiswahili alisema hivi: "Kutoka kwenye lile jiwe mpaka mlangoni kwake, hapo ndipo ulipokua." Akaniwekea mkono wenye udongo kichwani. Hakunipiga siku ile, wala hakulitaja tena. Usifikiri kwamba ilikuwa nafuu. Ningepigwa ningesahau.

Bwana mifugo aliomba maji. Nilimmiminia mimi, kutoka kwenye kibuyu, na yeye alichota mchanga safi akajisugua nao mara ya kwanza, halafu akaosha, na kuosha tena, akihesabu kimya kwa midomo mpaka saba. Maji yale nilikuwa nimeyateka kwa shida, na nilitamani yangekuwa mengi zaidi. Alipomaliza alitazama kanzu yake, na alitazama jua, na nikaona uso wake umebadilika. Swala ilikuwa inampita na hakuwa na nguo safi.

Bibi alielewa kabla yetu sote. Aliingia ndani. Tulisikia kifuniko cha sanduku. Alitoka amebeba shuka nyeupe ya babu, iliyokunjwa tangu siku ya mazishi, bado ina harufu ya majani makavu aliyoyaweka kuzuia wadudu. Nami nilikuwa sijawahi kuiona nje ya sanduku.

"Ni safi," alisema. "Haijaguswa na mbwa wala na mtu. Mwenyewe hayupo, lakini asingekunyima."

Bwana mifugo aliipokea kwa mikono miwili. Bibi akachukua ufagio, akafagia upande wa pili wa ua, mbali na mbwa, mara mbili, akatandika mkeka mpya ambao hakuna aliyekuwa ameukalia. Jirani akaning'oneza, "Leo ndiyo watasema kweli," na bibi, aliyesikia, akajibu bila kugeuka, "Waache." Na yule mtu akajifunga shuka ya babu yangu, akatawadha tena, akasimama akaswali uani kwetu, huku bibi Mkristo ameinamisha kichwa, amefunga mikono, kama tulivyofanya kanisani wakati wa sala. Nilikuwa nimeshika mguu wa Watasema na nilihisi damu inagonga ndani yake, haraka haraka, lakini inagonga.

Alfajiri ya Jumapili Watasema alikunywa uji, vijiko vitatu. Siku ya nne alisimama. Miguu yake ya nyuma haikurudi sawasawa, tangu hapo alitembea kama mzee aliyeketi muda mrefu, na hakuweza tena kunisindikiza shule. Alinifikisha mwisho wa ua, akaketi, akanitazama mpaka nipotee. Aliishi miaka mingine minne, akafa kwa uzee, mchana, mahali pake pale pale mlangoni, tukamruka mara mbili kabla hatujajua. Jirani hakumtupia jiwe tena. Aliacha yai moja kwenye kiota cha nje, na Watasema aliliiba, na jirani alipiga kelele kama zamani ili asimvunje heshima.

Jumatatu ile bwana mifugo alikuja na kaki yake, akaenda bondeni na watu wa nzige, vijiti vikasimamishwa upya na kufukiwa kwa mawe. Alinipita njiani akaitikia shikamoo yangu kama asiyenijua, maana alikuwa kazini. Lakini Jumamosi, kazi ikishafungwa, alikuja kumtazama mbwa. Na Jumamosi nyingine. Bibi alimwekea uji wa uwele kwenye kibuyu ambacho hakikutumiwa na mtu mwingine. Walikaa wanazungumza habari za mvua, za Tabora, za babu, bibi kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno. Ile shuka alikuja kuirudisha ikiwa imefuliwa na kunyooshwa. Bibi alikataa kuipokea.

Msimu uliofuata alihamishwa, kama walivyohamishwa watu wa serikali, leo yupo, kesho lori limembeba. Alituma salamu kwa mtu, hakupata nafasi ya kuaga. Bibi alipanda juu ya tembe, akatazama vumbi la lori mpaka likaisha.

Yote hayo hayapo sasa. Matembe yamebaki machache, watu wamejenga nyumba za bati, na mvua ikinyesha huwezi kuzungumza ndani. Mto una daraja. Mtoto ukimwambia nzige walivunja matawi anafikiri unamtania. Bibi amelala kando ya kanisa lile alilolisiriba, na jirani hayuko mbali naye.

Miaka kadhaa baada ya Uhuru nilipelekwa kufanya kazi ya uuguzi Tabora. Nilikuwa mwanamke mzima, na jambo la kwanza nililotaka ni kumtafuta. Nilitaka anione, nimwambie kwamba Watasema aliishi miaka minne. Nikauliza sokoni, nikauliza ofisi ya mifugo, nikauliza misikiti miwili, nimejitanda kanga nimesimama mlangoni. Niliwaeleza alikuwa mrefu, alifanya kazi kwetu enzi za Mwingereza, alikuwa na mikono ya upole. Walinisikiliza kwa adabu. Mzee mmoja alinipa hata kiti. Kisha akaniuliza swali ambalo wote waliniuliza, na nilipolisikia kwake ndipo nilipokikalia kile kiti.

"Mwanangu, alikuwa anaitwa nani?"

Tulikuwa tumempa nguo ya marehemu wetu. Tulimwita Bwana Mifugo tu.